Kadi mpya, kerneli ya zamani: uchambuzi wa kisa cha kadi ya grafiki kwenye FreeBSD

## Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mchora ramani anayejiajiri. Jina lake, mahali alipo na kampuni iliyotengeneza kompyuta yake vimeondolewa. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya lile umbo jembamba la maofisini, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 (Haswell), RAM ya GB 16, na pawa saplai ya wati 240 isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. Ubao mama una matundu mawili tu ya picha: VGA na HDMI. Ndani kuna sloti (nafasi ya kuchomeka kadi) moja ya PCIe 3.0 x16, ya kadi za nusu kimo.

Mfumo ulikuwa FreeBSD 13, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Unix. Aliuchagua kwa ajili ya ZFS, namna yake ya kuhifadhi faili, na kwa ajili ya jela, yaani vyumba vilivyotengwa ndani ya mfumo, ambamo alikuwa amefungia seva ya ramani, hifadhidata na vitu vingine vya kazi. Kwa hiyo jibu la haraka ambalo kila mtu humpa mtu wa FreeBSD, "hamia Linux", lilikuwa na gharama ya wiki kadhaa za kupanga upya kila kitu.

Haja ya kadi ilianza aliponunua skrini ya 4K. HDMI ya Haswell huishia 4K kwa 30 Hz. Picha inatoka, lakini kishale cha mausi kinaburuzika, na ukisogeza ramani kubwa kwenye QGIS, programu ya ramani, macho yanachoka kabla ya saa sita mchana. Alitaka 4K kwa 60 Hz, pamoja na skrini yake ya zamani ya 1920×1080 pembeni.

Masharti aliyoandika yalikuwa haya: kadi ya nusu kimo, isiyohitaji umeme zaidi ya ule wa sloti, isiyo na kelele, na "inayofanya kazi na FreeBSD". Tutarudi kwenye hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililoonekana kuwa sharti kumbe halikuwa limesema kitu.

## Kadi ya bure

Kabla hajanunua chochote, alipewa GeForce GT 730 iliyotolewa kwenye mashine nyingine. NVIDIA, watengenezaji wa GeForce, wana draiva (programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi) rasmi ya FreeBSD, na wamekuwa nayo kwa miaka mingi, hivyo ilionekana bahati.

Jina GT 730 lakini lilibandikwa mwaka 2014 kwenye chipu zaidi ya moja. Baadhi ya kadi hizo zina chipu ya Kepler (GK208), nyingine zina chipu ya zamani zaidi ya Fermi (GF108). Boksi ni lilelile, jina ni lilelile, tofauti ni kubwa: Kepler huendeshwa na tawi la draiva namba 470, Fermi huishia tawi la 390, ambalo NVIDIA waliacha kulisasisha mwishoni mwa 2022. Kisa hiki ni cha katikati ya 2024.

Aliichomeka, akaendesha `pciconf -lv`, akaona GF108. Akaichomoa. Hata kama angeridhika na draiva isiyotunzwa, kadi hiyo isingempa 4K kwa 60 Hz. Hapa alifanya jambo la maana bila kulipa uzito: aliiuliza mashine chipu ni ipi badala ya kuamini stika. Kwa kadi iliyofuata hakurudia, kwa kuwa ilikuwa mpya na jina lake lilikuwa na chipu moja tu.

## Orodha fupi

Alibaki na kadi tano kwenye karatasi.

GT 1030 inakula wati 30 hivi na draiva yake ya FreeBSD ipo. Aliiondoa kwa sababu ya mtego unaofanana na ule wa GT 730: kuna ya GDDR5 na kuna ya DDR4 iliyotoka 2018, na ya pili ina kasi ya memori takriban theluthi moja ya ya kwanza. Matangazo ya mtumba mara nyingi hayasemi ni ipi.

Intel Arc A310 na A380 zilimvutia kwa sababu Intel huandika draiva zao hadharani. Ziliondoka kwa sababu mbili, na yoyote kati yake ingetosha. Kadi hizo zinahitaji ubao mama wenye Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) ili zifanye kazi inavyotakiwa, na ubao wa Haswell hauna. Pili, Linux yenyewe iliziwasha rasmi kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) 6.2 ya mwaka 2023, na draiva za FreeBSD zilikuwa bado nyuma ya hapo.

Radeon RX 550, wati 50, chipu ya familia ya Polaris, inayojulikana kwa amdgpu, draiva ya kadi za AMD, watengenezaji wa Radeon, tangu 2017. Ilipatikana mtumba tu, bila dhamana, na nyingi si za nusu kimo.

Radeon RX 6400, iliyotoka 2022, wati 53, bila waya wa ziada, nusu kimo, HDMI moja na DisplayPort moja, GB 4 za memori. Mpya, yenye dhamana. Ilitimiza kila kitu alichoandika.

Kuhusu umeme alikuwa makini kuliko wengi. Sloti ya x16 kwa kanuni inaweza kutoa hadi wati 75, lakini mashine nyembamba za ofisini nyingine zimewekewa kikomo cha chini zaidi na mtengenezaji. Alisoma kitabu cha mashine kabla ya kulipa, akakuta sloti yake inaruhusu kadi hiyo. Kisha akatafuta kama kuna mtu anayetumia RX 6400 na FreeBSD, akakuta wapo, wameridhika. Akanunua.

## Kilichotokea kadi ilipofika

Kadi iliingia sawasawa. Nembo ya mtengenezaji ilionekana, maandishi ya kuwaka yakapita, na mfumo ukafika kwenye kuingia. Lakini eneo-kazi lilipofunguka lilikuwa zito kuliko hata lile la Haswell, skrini ya pili ilikuwa nyeusi, na kubadili ukubwa wa picha hakukuwezekana.

Alama zilikuwa tatu. Saraka ya `/dev/dri`, ambayo hutokea draiva inapoitambua kadi, haikuwepo. `glxinfo -B` ilitaja llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo iliyokuwa ikichora kila kitu. Na `kldstat` ilionyesha moduli ya amdgpu (draiva yenyewe, kama kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) imepakiwa bila kosa lolote.

Hii ya tatu ndiyo iliyompoteza. Draiva ipo, haijalalamika, kadi haifanyi kazi: mtu yeyote angehisi kadi mbovu. Alishaanza kuandaa maombi ya kuirudisha.

## Kutenganisha tatizo

Rafiki yake fundi alimzuia kwa ushauri mmoja: washa mashine hiyohiyo kwa flashi ya Linux yenye kerneli ya 6 kwenda juu, usisakinishe chochote, angalia tu.

Skrini zote mbili ziliwaka. Jaribio hilo fupi lilifuta maswali manne kwa mkupuo: kadi ni nzima, umeme unatosha, sloti inafanya kazi, na fimwea (programu ya ndani) ya ubao mama inaelewana na kadi. Kilichobaki ni FreeBSD yake.

Draiva za grafiki za FreeBSD kwa kadi za AMD na Intel hazikuandikwa upya. Huchukuliwa kutoka kerneli ya Linux na kuwekwa juu ya tabaka la kutafsiri liitwalo LinuxKPI, kisha hutolewa kama vifurushi vyenye namba ya toleo la Linux vilikotoka: drm-510-kmod ni draiva za Linux 5.10, drm-515-kmod ni za 5.15, drm-61-kmod ni za 6.1. FreeBSD 13 ilitumia drm-510-kmod.

Linux 5.10 ilitoka Desemba 2020. Chipu ya RX 6400 ni Navi 24, ambayo ndani ya draiva inaitwa Beige Goby, na msaada wake uliingia Linux 5.14 mwaka 2021. Kwa hiyo moduli aliyokuwa nayo ilipakiwa, ikapitia orodha ya kadi inazozijua, haikuona namba ya kadi hii, ikakaa kimya. Haikuwa na la kulalamikia. Kwake hapakuwa na kadi ya AMD inayoihusu. Wale walioridhika na RX 6400 walikuwa kwenye FreeBSD 14.

## Uamuzi

Njia zilikuwa tatu. Kurudisha kadi na kutafuta RX 550 ya mtumba, ambayo drm-510 inaijua vizuri. Kuhamia Linux. Au kupandisha mfumo hadi FreeBSD 14.

Alichagua ya tatu kwa hoja mbili: tawi la 13 lilishatangaziwa mwisho wake, Aprili 2026, kwa hiyo kazi hiyo ingemngoja tu, na ZFS ingemwezesha kurudi nyuma endapo mambo yangeharibika. Alitengeneza mazingira ya kuwasha, yaani nakala ya mfumo anayoweza kuirudia, kwa `bectl create`, akahakikisha yanaonekana kwenye menyu ya kuwasha, ndipo akaanza `freebsd-update`. Hakugusa `zpool upgrade`. Hilo la mwisho linastahili kukaziwa: ukiliongezea bwawa la ZFS (hifadhi ya diski zake) vipengele vya toleo jipya, mfumo wa zamani unaweza kushindwa kulisoma, na ile njia ya kurudi uliyojitengenezea inakuwa pambo.

Mimi binafsi ningeipa RX 550 nafasi kubwa zaidi kuliko alivyoipa. Kadi ya miaka mingi iliyokwisha zoeleka na draiva ni starehe ya aina yake. Lakini kwa mtu ambaye ilikuwa lazima apandishe mfumo siku moja, uamuzi wake ulikuwa na mantiki.

Kupandisha kwenyewe kulikwenda vizuri hadi mashine ilipowaka upya. Ujumbe ulisema amdgpu inategemea kerneli ambayo haipo au toleo halilingani. Ilikuwa moduli ya zamani, iliyojengwa kwa 13, bado imeandikwa kwenye mstari wa `kld_list`, orodha ya moduli zinazopakiwa mashine inapowaka, ndani ya `/etc/rc.conf`. Hilo ni dogo: alifuta mstari, akaondoa kifurushi cha zamani, akaleta drm-515-kmod kwa `pkg`.

Safari hii alipakia kwa mkono, `kldload amdgpu`, akiwa ameingia pia kwa ssh, yaani kupitia mtandao, kutoka kompyuta nyingine. Mashine ilianguka na kujiwasha upya.

Sababu ilikuwa toleo dogo. Yeye alikuwa kwenye 14.1. Wakati huo vifurushi vya tawi la 14 vilikuwa bado vinajengwa kwa 14.0, kwa kuwa mradi hujenga vifurushi kwa toleo dogo la zamani zaidi ambalo bado linatunzwa. Kwa kivinjari au kihariri cha maandishi hilo halina neno. Moduli ya kerneli inayoingia hadi ndani ya miundo ya kerneli yenyewe ni habari nyingine. Suluhisho lilikuwa kuijenga moduli hapohapo: kuweka msimbo wa kerneli ya 14.1 kwenye `/usr/src`, kisha `make install` ndani ya `/usr/ports/graphics/drm-515-kmod`. Baada ya hapo `kldload` ilipita, `/dev/dri/card0` ikatokea, na skrini zikaongeza ukubwa zenyewe. Alijiongeza kwenye kundi la `video`, akaanzisha eneo-kazi, na `glxinfo -B` ikataja kadi kwa jina lake. Hapo ndipo mstari uliporudi kwenye `rc.conf`.

Tangu 14.2 ya Desemba 2024 mradi una hazina ya pekee ya moduli za kerneli, zinazojengwa kwa kila toleo dogo, kwa hiyo anayefanya hivi leo hana sababu ya kupita njia hiyo ndefu.

## Matokeo

4K kwa 60 Hz ilipatikana, ingawa si mara moja: HDMI iliendelea kukubali 30 Hz tu hadi alipobadili waya, kwani ule wa zamani haukuweza kupitisha gigabiti 18 kwa sekunde ambazo HDMI 2.0 inazihitaji. Skrini ya pili ipo kwenye DisplayPort. QGIS inasogea kwa ulaini. Feni haisikiki.

Hakufanikiwa kuilaza mashine na kuiamsha; ikiamka, picha hairudi. Ameacha kujaribu na huizima jioni.

Pigo ambalo hakulitarajia lilikuja baadaye. Alianza kurekodi masomo ya kuchora ramani, akataka kadi ibane video badala ya prosesa. RX 6400 haiwezi. Chipu ya Navi 24 imetolewa bila kifaa cha kubana video, si kwa mtindo wa H.264 wala HEVC, na wala haifungui video za AV1. Si suala la draiva, hakuna toleo la FreeBSD litakalolitibu. Prosesa yake ya miaka kumi sasa inafanya kazi hiyo, polepole. Jambo la kuchekesha ni kwamba grafiki ya ndani ya Haswell, ile aliyoikimbia, inajua kubana H.264.

## Uchambuzi

Sharti la "inayofanya kazi na FreeBSD" ndilo lililobeba kisa chote. Sentensi hiyo haina ukweli wala uongo mpaka useme FreeBSD ipi. Ulinganifu wa kadi ya grafiki kwenye mifumo ya jamii ya Unix hukaa kati ya chipu na toleo la draiva ndani ya kerneli. Kadi haiko "na FreeBSD" kama gurudumu lilivyo na baiskeli. Angeandika "chipu iliyomo kwenye draiva za Linux 5.10", RX 6400 ingeondoka kwenye karatasi pamoja na Arc, au uamuzi wa kupandisha mfumo ungekuja kabla ya kulipa. Ushahidi alioutafuta ulikuwa wa kweli, wapo waliokuwa wakiitumia kadi hiyo. Alichokosa ni kuwauliza wako toleo gani.

Na jambo hili si la FreeBSD pekee. Debian 11, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilitoka 2021 ikiwa na kerneli 5.10 ileile. Mtu wa Debian 11 akichomeka RX 6400 bila kuongeza kerneli ya nyongeza angekutana na ukimya uleule; Debian 12, yenye 6.1, inaipokea. OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, hufuata mtindo huohuo wa kuchukua draiva za Linux: toleo la 7.3 la mwaka 2023 lilisogea hadi 6.1. Ila huko kuna kizuizi kingine kabisa, kwamba OpenBSD haina draiva rasmi ya NVIDIA, na kadi ya NVIDIA kwenye mashine hiyo hubaki kuchora bila kuharakishwa. Mtu anayesema "Unix haipendi NVIDIA" anachanganya mambo: FreeBSD ina draiva rasmi, Linux inayo, OpenBSD haina.

Tahadhari moja kwa anayesoma namba za kerneli na kudhani amemaliza. Kadi hutegemea vitu vitatu vinavyosafiri kwa vifurushi tofauti: moduli ya kerneli, fimwea ya chipu ambayo moduli huipakia ndani ya kadi, na Mesa inayotafsiri OpenGL na Vulkan. Moduli ikiwa mpya na Mesa ikawa ya zamani, skrini itawaka kwa ukubwa sahihi lakini llvmpipe itabaki palepale. Kwa mhusika wetu viwili vya mwisho vilikuja vyenyewe. Kwa anayejenga kila kitu kwa mkono havitakuja.

Kilichomwokoa zaidi, kwa maoni yangu, ni flashi ya Linux. Bila hiyo kadi nzima ingerudishwa kama mbovu, nyingine ya aina ileile ingeletwa, na ukimya ungekuwa uleule. Kinachofuata kwa thamani ni kule kukataa kuweka moduli kwenye `rc.conf` kabla haijapakiwa salama kwa mkono. Mashine ilipoanguka iliwaka tena ikiwa na maandishi matupu na mlango wa ssh wazi. Kama mstari ungekuwepo, ingeanguka, ikawaka, ikaanguka tena.

Kuhusu sloti kulikuwa na hatari ambayo haikumdhuru, na ingefaa ijulikane kabla. RX 6400 inatumia njia nne tu za PCIe hata ikiwa ndani ya sloti ya njia kumi na sita. Kwenye PCIe 4.0 hizo ni takriban GB 8 kwa sekunde. Kwenye PCIe 3.0 ya Haswell zinabaki kama GB 4. Ramani na maandishi hazilioni hilo. Mchezo mzito unaojaza GB 4 za memori na kuanza kuazima RAM utaliona mara moja. Mtu mwenye mashine kama hii na kazi tofauti angepaswa kusita.

Kuhusu kubana video, kosa liko kwenye orodha ya masharti kuliko kwenye uchaguzi. Alieleza skrini zake na hakueleza kazi yake. Angeandika "huenda nitarekodi masomo", karatasi ya sifa za chipu ingemjibu, na RX 550 ya mtumba, yenye kibanio cha H.264 na HEVC, ingepanda juu ya orodha. Kwa sasa amewasha tena grafiki ya Haswell kwenye mipangilio ya ubao mama, bila kuchomeka skrini yoyote kwake, na anajaribu kupakia i915kms, draiva ya grafiki ya Intel, sambamba na amdgpu ili kazi ya kubana iende huko.